Mkono wa Mama Nora

Mama alimpa Vedasto mkono, na mimi nikajua kwamba basi tena.

Alimpa mkono wa kulia, mzimamzima, akamshika na kumtikisa kama anavyowatikisa wageni wa kanisani siku ya Sabato. "Karibu Nyanungu, mura," akamwambia, kama anavyomwita kijana yeyote. "Jisikie nyumbani." Kisha akamtazama usoni, macho kwa macho, akamuuliza habari za Mwanza, habari za safari, habari za kazi. Akammiminia uji wa wimbi kwenye kikombe kikubwa, akavuta kigoda, akakaa mbele yake akimwangalia anavyokunywa.

Vedasto, maskini ya Mungu, aliunywa uji ule wote huku uso unamng'aa. Alisema "asante mama" kila baada ya fundo. Akasifu uji, akasifu ng'ombe, akasifu hata ule mwamba mpana ulioko nyuma ya jiko, ambao mama huanikia mihogo, na ambao ndio uliotupandisha pale siku hiyo mimi na yeye na vifaa vyetu. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango. Dada yangu Nora alikuwa upande wa pili wa ua, anachambua mboga. Aliinua macho akaniangalia, kisha akayarudisha kwenye mboga zake. Alijua ninachojua.

Tulipoaga, mama akampa mkono tena.

Tulishuka kilima Vedasto akiwa mbele, anapiga mluzi. Ni mtu mrefu, na akiwa na furaha hutembea kama amesahau kwamba miguu ni yake. Dira ilikuwa inaning'inia shingoni, begi la vipande vya mawe mgongoni. Tulipofika kwenye migomba akasimama akanigeukia.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Gati, mama yako amenipenda! Na wewe ulivyonitisha! Tangu asubuhi sijatulia, nakuuliza nimsalimie vipi, nikae wapi, niseme nini. Kumbe mama wa watu hana neno."

"Tembea, Vedasto. Mvua inakuja."

Akatazama juu. "Mvua gani? Hakuna wingu hata moja."

Hapo nikashindwa. Nikakaa juu ya jiwe lililokuwa karibu, ambalo vipimo vyake tulikuwa tumeviandika asubuhi ileile, nikaufunika uso kwa kofia yangu ya kazi na kulia. Mimi si mtu wa kulialia. Nimekulia kwenye vilima hivi na nimesoma darasa la wavulana watupu kule chuoni, wakanizoea. Lakini siku hiyo nililia kama mtoto aliyenyang'anywa chakula.

Vedasto akavua begi akachuchumaa mbele yangu. "Nani kakuudhi?"

"Mama."

"Mama? Mama aliyenipokea vile?"

"Amekupokea kama mgeni! Huelewi? Kama bwana shamba. Kama mchungaji aliyetoka Tarime mjini. Kwetu mama hampi mkono mume wa binti yake, Vedasto. Hamtazami usoni. Hakai naye chumba kimoja, hali naye sahani moja. Wakikutana njiani, mama anaacha njia anaingia porini mpaka yule apite. Siyo chuki. Ni heshima, tena hatuna heshima iliyo kubwa kuliko hiyo. Mwanamume akishakubalika kuwa ni wa binti yako, siku hiyohiyo unaanza kumkimbia."

Alilifikiria hilo. Mama yake Vedasto alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake huko Nyakato, Mwanza, ambaye hukumbatia kila anayeingia mlangoni pake, hata fundi wa umeme. Mambo ya kukimbiana angeyajulia wapi?

"Labda hajui habari zetu," akasema.

"Nilimwambia jana jioni. Nikamwambia yule mrefu mwenye dira ndiye. Akaniambia, 'Nitamwona.' Basi amekuona. Amekushika mkono mara mbili, mbele ya Nora, ili mimi nielewe. Na nimeelewa."

Akaugeuza mkono wake wa kulia akautazama.

"Kwa hiyo huu ndio umebeba hapana yangu?"

"Ndiyo."

"Na uji je?"

"Uji ni uji tu, Vedasto!"

Akacheka, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi yananitiririka, jambo lililoniudhi zaidi. Akanifuta shavu kwa kidole gumba. Kidole kile kilikuwa na vumbi la mawe, bila shaka aliniacha na mstari usoni, lakini sikukitoa. Tulikaa hivyo tukitazamana. Macho yake yana kitu cha utulivu ambacho sijakiona kwa mwanamume mwingine. Akikutazama huoni kwamba anakutaka tu. Unaona kwamba amekaa, na hana haraka ya kuondoka.

"Nimemkosea nini?" akauliza polepole.

Nikamweleza. Nora ndiye mkubwa wetu, na kwa jina lake mama anaitwa mpaka leo. Nora alimpenda kijana mmoja aitwaye Steven, mtu wa mbali, aliyefuata dhahabu machimboni. Mama alipokataa, wakatoroka. Steven akapiga mawe kule machimboni mpaka mawe yakaacha kumpa dhahabu, akahamia machimbo mengine, akasema atarudi kumchukua mke wake. Hakurudi. Mama mwenyewe ndiye aliyepanda gari kwenda kumfuata Nora, akamleta nyumbani na godoro lake. Tangu siku hiyo, mtu yeyote mwenye nyundo mkononi, hata akiwa na digrii, kwa mama ni mtu wa mawe. Na watu wa mawe, anasema mama, wakishalipiga jiwe hawalirudii.

"Lakini sisi hatuchimbi dhahabu," Vedasto akasema.

"Mwambie mama hivyo."

Kazi yetu ni kuchora ramani ya miamba. Tunapita kilima kwa kilima, na kila mahali mwamba ulipochomoza juu ya udongo tunasimama. Tunaandika ni mwamba gani, una rangi gani, mistari yake inaelekea wapi na inalala kwa mwinamo gani. Tunavunja kipande, tunakitia kwenye mfuko, tunaendelea. Miamba mingi ikishaandikwa, unaanza kuona kilichojificha chini ya mashamba ya watu. Hayo nimemweleza mama mara nyingi. Husikiliza mpaka mwisho, kisha huniuliza, "Na dhahabu mmeiona?"

Vedasto akanishika mikono yote miwili. "Wiki ijayo timu inashuka Mbalibali. Halafu Natta, halafu mkataba wangu huku unaisha. Gati, sitaki kuondoka nikiwa mgeni."

"Najua."

"Kwenu si watu wanatoroshana? Umesema mwenyewe."

"Wanatoroshana. Mimi sitoroki." Nikaitoa mikono yangu, ingawa iligoma. "Nilimwona mama siku aliyokwenda kumfuata Nora. Alivaa nguo zake za kanisani. Nakupenda, Vedasto, na Mungu anajua. Lakini sitamfanya mama yangu avae zile nguo mara ya pili. Mama akikataa, nimebaki."

Hakunibembeleza. Alivaa begi lake, akanipa mkono nisimame, tukashuka bila mluzi.

* * *

Mzee Rubeni, kiongozi wa timu yetu, ni Mgogo mwenye miwani na mdomo mrefu. Kesho yake mchana alitandaza ramani kwenye meza ya nyumba tuliyopanga pale makao ya kata, akatuita wote, hadi dereva.

"Vedasto, njoo uone muujiza," akasema. "Kilima kizima, miamba imelala upande mmoja, kama ng'ombe wanaokwenda mtoni. Sawa? Nikifika huku, kwa akina Gati, yote inageuka. Yote! Nikitoka hapo, inarudi kama zamani. Sasa nawauliza wasomi, huu mlima umerukwa na akili?"

Vedasto aliinama juu ya ramani. Halafu nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Nani alikuwa anaandika?" Mzee Rubeni akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Nyundo yako ilikuwa wapi?"

"Kiunoni."

"Na wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Dereva akakohoa. Mle ndani hapakuwa na asiyejua jibu. Sindano ya dira hufuata chuma, na hilo hufundishwa mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza. Nyundo ikiwa hatua chache mbali, haina madhara. Ili iivute sindano, mwenye nyundo lazima awe amesimama na msoma dira bega kwa bega, akisikiliza anavyonong'onezwa habari za namna ya kumsalimia mama. Siku ile nzima ndivyo tulivyofanya kazi. Tena tulidhani tumeifanya vizuri.

"Vijana, vijana," Mzee Rubeni akasema, akavua miwani na kuifuta. "Basi, kosa linajulikana. Rekebisha hapahapa mezani. Virudishe vipimo kidogo vilingane na wenzao, tuendelee na safari."

"Haitawezekana, mzee," Vedasto akasema.

"Kwa nini?"

"Sijui nirudishe kiasi gani. Kila mwamba Gati alisogea kiasi chake."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Dereva aliweka kikombe chini kwa sababu chai ilikuwa inamwagika. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini Vedasto hakuwa anatania. Alisubiri wamalize kucheka.

"Nitarudi kupima upya," akasema. "Gati aandike. Ila asimame mbali."

* * *

Basi tukarudi. Tulianza na miamba ya pembeni, mimi nimesimama kwenye shamba la jirani, yeye juu ya jiwe, tukipigiana kelele. Kazi hii ina utaratibu wake. Msoma dira anataja kipimo, na mwandishi lazima akirudie kwa sauti kabla ya kukiandika, ili kosa lisipite. Asubuhi nzima ilikuwa ni "Mwelekeo huu!" na mimi "Mwelekeo huu!", "Mwinamo huu!" na mimi "Mwinamo huu!". Sikuwahi kujua kwamba hatua kumi ni mbali namna ile.

Mwisho tukafika kwenye mwamba wa nyuma ya jiko. Ulikuwa umejaa mihogo, vipande vyeupe vimetandazwa juani. Mara ya kwanza mimi niliisukuma tu pembeni kwa buti, si ni kwetu? Vedasto aliwauliza watu wa nyumbani kama anaweza kuitoa, Nora akamwambia atoe. Akavua viatu. Akapanda peku juu ya mwamba, akaanza kuokota mihogo na kuiweka kwenye ungo, kipande kwa kipande.

Mama akatokea shambani na jembe begani. Akasimama.

"Wewe tena?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna kitu mlisahau?"

"Hapana, mama. Nilikosea."

"Ulikosea nini? Jiwe si ndilo hilihili?"

"Jiwe ni hili. Mimi ndiye niliyelisoma vibaya. Binti yako alikuwa amesimama karibu nami akiwa na nyundo yake, chuma kikavuta dira, nami sikuangalia. Kosa siyo lake. Mwenye dira ndiye anayepaswa kuangalia."

Mama akashusha jembe. "Karibu namna gani?"

Niliangalia pembeni. Vedasto, mtu wa Mungu, akagusa bega lake kwa mkono. "Hivi, mama."

"Mm," mama akasema.

Nora aliinamia sufuria yake, mabega yanamtikisika.

"Na huyo mkubwa wenu wa kazi alijua?" mama akauliza.

"Ndiye aliyeona. Akaniambia nirekebishe mezani, bila kupanda huku."

"Kwa nini hukurekebisha? Jiwe halina mdomo. Lisingekwenda kukusema kwa mtu."

"Mimi ningejua, mama." Alikuwa bado ameshika kipande cha muhogo. "Halafu hii ramani ataishika mtu asiyenijua. Pengine atakuja kutafuta maji. Atachimba kisima hapo bondeni kwa kuamini nilichoandika mimi. Akikosa maji, nitakuwa nimemdanganya mtu ambaye hata sikumwona."

Mama alimtazama. Alimtazama macho kwa macho, na kila alivyozidi kumtazama ndivyo mimi nilivyozidi kukata tamaa, maana hiyo ndiyo namna ya kumtazama mgeni.

"Ukitoka hapa unakwenda wapi?"

"Mbalibali. Kisha Natta."

"Kisha?"

"Sijui, mama. Kazi ikiisha nitapelekwa panapohitajika mtu."

Nilimlaani kimoyomoyo. Hivi angekufa kama angesema kauongo kadogo tu? Angesema atahamia Tarime, angesema atajenga hapa. Steven angesema hivyo, tena kwa kuapa.

"Hujui," mama akasema.

"Sijui. Nikikuambia najua, nitakuwa nakisia kama nilivyoambiwa nikisie hili jiwe. Ninachokijua ni kwamba kuna mmoja ninayetaka kurudi kwake, popote watakaponipeleka. Huyo namjua vizuri."

Jua lilikuwa kali, na kuku walikuwa wanapekua chini ya ghala. Mama akaokota jembe lake.

"Hiyo mihogo," akasema, "ukimaliza uirudishe. Upande mweupe juu."

Akaingia jikoni. Hakumpa mkono, lakini wala hakumkimbia, na mimi nilibaki sijui nishike lipi.

Vedasto akapima. Akataja, nikarudia. Akataja, nikarudia. Sauti yangu ilikuwa imekauka. Nilikuwa nawaza kwamba hiki ndicho kilima cha mwisho, na kwamba baada ya Natta nitamwandikia nani vipimo, wakati aliponiita tena kutoka juu ya mwamba.

"Gati!"

"Gati!" nikarudia, kwa mazoea.

"Nakupenda!"

"Nakupenda!" nikajibu kwa sauti kubwa, nimeshaanza kuandika, kabla kichwa changu hakijanifikia.

Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka sakafuni, ukazunguka, ukazunguka, ukatulia. Nora alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Vedasto alikuwa anatabasamu juu ya mwamba, peku, jua usoni, hana haya hata kidogo. Kisha akachuchumaa, akaanza kurudisha mihogo mahali pake, upande mweupe juu.

* * *

Siku ya kuondoka gari lilishindwa kupanda mpaka kwetu kwa uzito wa mizigo, likabaki chini barabarani. Nilikuwa nimelala nyumbani usiku huo. Asubuhi mama hakuwepo, alikuwa amekwenda mashine kusagisha kabla jua halijawa kali. Nilijua amekwenda ili asiniage, nikaumia.

Nora akanifungia nguo zangu. "Nimezungumza naye jana," akasema.

"Akasemaje?"

"Unamjua mama. Mimi nimemwambia asimhukumu mtu wa watu kwa makosa ya Steven. Nikamwambia Steven hakuwahi kusema 'sijui' hata siku moja. Kila kitu alikijua." Akakaza fundo. "Akaniuliza kama chumvi ipo."

Vedasto akaja kunisaidia mzigo. Tukashuka kwa njia ile nyembamba inayopita kati ya mahindi, yakiwa yamesimama marefu huku na huku. Nilikuwa nimekwisha kuamua nitamwambia tukifika Mbalibali, nikiwa nimejikaza, kwamba asiendelee kuningoja. Nilikuwa nayapanga maneno yenyewe tulipokata kona, na mbele yetu, anapanda kilima, alikuwa mama.

Alikuwa na ndoo ya unga kichwani. Akatuona, akasimama. Tukasimama.

"Usimsalimie," nikamnong'oneza Vedasto.

"Nisimsalimie mama yako?"

"Usifanye kitu. Simama."

Alitii, lakini nilimwona anavyoteseka. Amelelewa kuinama mbele ya wakubwa, na magoti yake yalikuwa yanamwomba ruhusa. Njia ilikuwa nyembamba. Ama mama atapita, au sisi tutapita, au atakuja pale tulipo ampe mkono wa kwaheri kama anavyompa kila mtu, na huo ndio ungekuwa mwisho wa maneno.

Mama akaushusha mkono wake wa kulia kutoka kwenye ndoo. Ulikuwa mweupe kwa unga. Akaufuta kwenye kanga, mbele na nyuma, taratibu, kama mtu anayejiandaa kusalimiana.

Nikafumba macho. Mungu wangu, nikasema, nipe nguvu nisilie mbele yake.

Nikasikia kishindo cha majani. Nilipofumbua macho, mama alikuwa amevuta upindo wa kanga akajifunika uso mzima, na anaingia kwenye mahindi kwa kasi ambayo sijamwona nayo tangu nikiwa mtoto mtundu wa kufukuzwa. Mabua yalilala huku na huku. Kandambili moja ilibaki njiani. Ndoo haikutikisika.

Vedasto aliruka mbele. "Mama amepatwa na nini? Kiatu chake..."

"Usikiguse!" Nikamkamata shati. "Geuka! Geuka utazame kilima!"

"Gati, nimemfanya nini?"

"Amekukimbia!" Nilikuwa nacheka, au sijui nilikuwa nafanya nini. "Vedasto, mama yangu amekukimbia!"

Alinielewa. Niliona inavyomwingia, kwanza machoni, kisha mabega yote yakashuka kama ametua mzigo wa siku nyingi. Akageuka, akautazama mwamba uliokuwa mbele yake kana kwamba hajawahi kuona mwamba. Mimi pia nikageuka, nikasimama bega kwa bega naye, na nyundo yangu kiunoni.

"Gati!" Sauti ya mama ilitoka ndani ya mahindi, hatua chache tu nyuma yetu, kavu kama kawaida.

"Abee, mama!"

"Uko na mtu hapo?"

"Niko naye, mama."

"Mwambie huyo mtu, kama ana wazee wake, wasije kipindi cha mvua. Gari hazipandi huku. Waje mapema, nijue nawapikia nini."

Vedasto akafungua mdomo. Nikauziba kwa kiganja. "Huruhusiwi kumjibu," nikamnong'oneza.

"Lakini nimemsikia!"

"Hujasikia kitu. Mimi ndiye ninayekuambia. Mama anasema, kama una wazee wako, waje kabla ya mvua."

Alinitazama kwa muda mrefu, macho yamemjaa maji, na hakujaribu kuyaficha. Kisha akainama, akaninong'oneza sikioni jibu lake, nami nikalirudia kwa sauti, kama kazi yetu inavyotaka.

"Mama! Anasema shangazi yake na baba zake wadogo watakuja mwezi huuhuu! Anasema asante, mama!"

Tulisikia tu mahindi yakisukumwa, na mtu anakikung'uta kiatu kimoja, na nyayo zikipanda polepole kuelekea nyumbani. Chini barabarani dereva alianza kupiga honi.

"Naweza kugeuka sasa?" Vedasto akauliza.

"Bado," nikamwambia. Mama alikuwa amekwisha kufika mbali, lakini nilikuwa nalia tena, na nilitaka kwanza nimalize.